Chaki haifutiki na pembe zimevimba: ubao wa orodha ya bia kwa nyumba ya Mombasa

Swali: Nimetenga kona ya vinywaji barazani kwangu, Bamburi, na nataka ubao mweusi wa kuandika bia zilizomo kwenye friji ili wageni wasiwe wanafungua mlango kila mara kuchungulia. Nilichukua plaiwudi ya futi mbili kwa tatu nikaipaka rangi nyeusi ya mafuta, ile ya kung'aa. Chaki ikawa inateleza, haishiki. Nikaisugua kwa msasa. Sasa inaandika, lakini nikifuta, maandishi ya wiki iliyopita bado yanasomeka. Isitoshe, pembe mbili za chini zimevimba. Je, nipake tena juu yake, nipake ukutani moja kwa moja, au ninunue zile kalamu za chaki ya majimaji?

Jibu: Ubao huo usiupake tena, ndugu. Una kasoro tatu, kila moja na chanzo chake, na koti jingine la rangi litaficha mbili kwa muda huku ya tatu ikiendelea kula chini kwa chini.

Kasoro ya kwanza ni mng'ao. Chaki huandika kwa kusagika. Uso wa ubao lazima uwe na ukwaru mdogo mdogo wa kuikwangua na kuushika unga wake. Rangi ya kung'aa imetengenezwa kusudi ijilaze na kukauka bila hata kitundu, kwa hiyo chaki haina pa kushikia. Rangi isiyong'aa ina unga mwingi wa madini kuliko gundi, na chembe zake hujitokeza juu ikishakauka. Ukwaru unatoka hapo. Weusi wenyewe hauandikishi chochote. Mbao nyingi za shule ni za kijani na zinaandikika vizuri tu.

Ya pili ni msasa. Maandishi yakikataa kutoka baada ya kusugua, mara nyingi msasa ulikuwa mkali mno, namba 80 au 100. Mikwaruzo yake ni ya kina. Unga wa chaki unazama humo na kitambaa hakifiki chini. Kwa kusugua uso uliokwisha pakwa rangi hutakiwi kushuka chini ya namba 220. Pia rangi ya mafuta hukauka juu mapema huku ndani bado ni laini, na kwenye hewa nzito ya pwani hali hiyo huchukua siku nyingi. Ukiiandikia wakati huo, chaki haikai juu ya rangi, inajichimbia ndani yake.

Ya tatu ni mbao. Plaiwudi ya kawaida ya ndani imeunganishwa kwa gundi isiyostahimili maji. Uso uliupaka, lakini kingo zilizokatwa kwa msumeno huenda ziliachwa wazi au zilipata koti moja tu. Kingo hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao, kwa sababu pale nyuzi za mti zimekatwa na midomo yake iko wazi. Barazani Bamburi, unyevu wa hewa peke yake unatosha. Ongeza maji ya kupiga deki na mvua ya upepo, tabaka zinaachana. Zikishaachana hazirudiani. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu: sauti ikiwa tupu, pameachana, ikiwa imeshiba, pazima. Kama uharibifu umeishia sentimita tano au sita za chini, kata hapo na utumie kilichobaki. Ukiwa umepanda zaidi, nunua ubao mwingine.

Kabla hujatoka kwenda hadiwea, amua utaandika kwa kitu gani, maana kalamu ndiyo inayochagua uso. Chaki kavu inataka ukwaru. Kalamu ya chaki ya majimaji inataka uso usiopenyeka hata kidogo, kama kioo au kigae cha kung'aa. Wino wake ni maji yenye unga mweupe laini sana na gundi kidogo; ukiuweka kwenye rangi ya ubao unazama vitunduni na kukaukia humo. Ni kosa linalofanyika sana kwenye baa za nyumbani: kalamu zinanunuliwa kwa sababu hati yake inapendeza, zinatumika juu ya ubao mzuri wa chaki, na jina la bia iliyokwisha linabaki pale miezi.

Kwa kona iliyo ndani, au baraza ambalo ukuta wake unalikinga na upepo wa kusi, ningechagua ubao wa chaki kavu. Kwa baraza lililo wazi upande wa bahari ningechagua kioo bila kusita. Kusi huleta mvua ya ubavuni na chumvi, na chaki kavu haiwezi kushindana na mvua. Friji nayo uiangalie ilipo. Mtu anayetoa chupa baridi ana mkono uliolowa. Ubao ukiwa karibu na mlango wa friji kiasi cha kuguswa, nusu ya orodha itafutwa na viganja kabla ya saa tatu za usiku. Uweke angalau urefu wa mkono mmoja kutoka ukingo wa mlango ukiwa wazi.

Ubao wa chaki kavu

Omba marini, yaani plaiwudi inayostahimili maji, ya unene wa milimita 12. Ya milimita 9 inatosha ukiifungia fremu, lakini ikiwa wazi inapinda haraka. Shiti nzima ni futi nane kwa nne na hutoa vipande vitano vya futi mbili kwa tatu, hivyo tafuta duka linalouza vipande, au shirikiana na jirani. Kagua kingo kabla ya kulipa: tabaka zishikane bila mapengo meusi katikati, na uso usiwe na viraka. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, ina uso laini kuliko zote na rangi inakaa juu yake vizuri sana, lakini ikipata maji pembeni huvimba kama mkate na hairudi. Kwa baraza la pwani iache.

Rangi ziko njia mbili. Ya kwanza ni rangi ya ubao wa shule inayouzwa tayari kwenye makopo, ya mafuta, inayozimuliwa kwa tapentaini. Ubao wako ni nusu mita ya mraba na kidogo, na makoti matatu hayafiki mita mbili za mraba. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 hadi 12 kwa koti moja. Robo lita inakutosha na kubaki. Usikubali kuuziwa lita nzima kwa ubao mmoja.

Ya pili ni kuchanganya mwenyewe: rangi nyeusi ya maji isiyong'aa, pamoja na grauti, ule unga wa kujazia viungo vya vigae, isiyo na mchanga. Kipimo ni vijiko vikubwa viwili vya grauti kwa kikombe kimoja cha rangi, yaani mililita 30 hivi kwa 250. Grauti iwe ile ya viungo vyembamba. Ukiisugua kati ya vidole inakuwa kama unga wa ngano. Ukisikia chembe, ina mchanga, na itakukwaruzia chaki na ubao. Chagua nyeusi au kijivu cheusi, maana nyeupe huifanya rangi kuwa na sura ya jivu. Ikoroge kwanza na maji kidogo mpaka iwe uji mzito usio na madonge, ndipo uingize rangi taratibu huku ukikoroga. Chuja yote kwa soksi ya nailoni. Grauti ina simenti ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko huo una muda mfupi: changanya wa koti moja tu, uutumie ndani ya saa moja, ukifika koti la pili uchanganye mwingine.

Vipimo hivyo usivichezee sana. Grauti ikizidi, gundi ya rangi haitoshi kuzishika chembe zote, na kila ukifuta kitambaa kitatoka cheusi. Ikipungua, chaki itateleza kama ilivyokutelezea mwanzo. Rangi yenyewe iwe ya kuta za nje, ile inayovumilia kuoshwa. Rangi ya maji ya bei ya chini kabisa, ya dari na vyumba vya ndani, hulowa na kutoka ukiifuta kwa kitambaa chenye maji mara chache tu.

Kwa ubao wa mbao wa barazani napendelea ile ya mafuta, kwa sababu ni ngumu zaidi na inaziba unyevu vizuri. Mchanganyiko wa grauti una faida yake ukutani, tutaufikia.

Saa na msimu wa kupaka vina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, rangi inakauka vizuri. Masika ya Aprili na Mei ni bora usubiri. Koti la mafuta linaweza kubaki linanata siku tatu, na vumbi lote la mtaa likakaa juu yake. Siku yoyote utakayochagua, anza saa nne asubuhi, umande ukishakwisha, na uwe umemaliza kufikia saa nane, kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha ngozi ya juu kabla tapentaini haijatoka chini, na malengelenge yanaanzia hapo.

Anza na kingo. Zilainishe kwa msasa wa 120 mpaka ncha kali ziondoke, kwa sababu rangi hukimbia kwenye ncha kali na kuacha utando mwembamba pale pale maji yanapoingilia. Uso usugue kwa 150, kisha 220, ukifuata mkondo wa nyuzi, na ufute vumbi. Sasa andakoti (rangi ya chini, ya kwanza kupakwa) ya mafuta, iliyozimuliwa kwa tapentaini sehemu moja kwa kumi ili inywewe na mbao. Ipake pande zote sita: mbele, nyuma na kingo nne. Kingo zirudie mara tatu, ukingoja kila koti likauke. Nyuma ya ubao usiionee uchoyo. Upande mmoja ukizibwa na mwingine ukiachwa wazi, ule wazi hunywa unyevu na kutanuka peke yake, na ubao hupinda. Fremu nzuri ya misumari haiwezi kuunyoosha.

Rangi ya ubao paka kwa rola ndogo ya sponji ya inchi nne. Brashi huacha mistari, na chaki huiokota mistari hiyo hata kama jicho haliioni. Koroga kopo kwa kijiti mpaka chini kabisa, kwa sababu unga mzito wa rangi hii hutuama. Usilitikise, mapovu utakayoyaingiza yatapasukia juu ya ubao na kuacha vishimo. Ikiwa nzito mno, ongeza tapentaini kidogo, isizidi kijiko kimoja kwa kumi. Usitumie tina (thinner) ya magari. Ni kali, inaweza kuikunja rangi iliyo chini.

Koti la kwanza liende mlalo, la pili wima, la tatu mlalo tena, kila moja jembamba. Kati ya koti na koti acha usiku mzima, na kama kidole bado kinanata asubuhi ongeza siku. Pitisha msasa wa 320 kwa mkono mwepesi, kiasi cha kutoa vumbi lililonasa tu, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha. Karibu na bahari hatua hiyo ya maji usiiruke: usiku kucha upepo hushusha chumvi juu ya rangi, na chumvi iliyofungiwa kati ya makoti mawili huvuta maji ya hewani na kulinyanyua koti la juu. Vitambaa vyenye tapentaini na rangi ya mafuta vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa; vikirundikwa kwenye ndoo vinaweza kupata moto vyenyewe.

Ukimaliza koti la tatu, subiri. Mchanganyiko wa rangi ya maji upe siku tatu, wa mafuta siku saba, na kama ni kusi ongeza. Kusubiri huku ndiko kunakoshinda watu, na wengi wanaolalamika kwamba ubao haufutiki hawakusubiri. Bonyeza ukucha pembeni. Ukiacha alama, bado.

Kisha kuna kazi ya dakika kumi inayoamua maisha ya ubao: kuukoleza chaki. Chukua chaki nyeupe, ilaze ubavu, upake ubao wote mlalo mpaka uwe mweupe, halafu wima. Sugua kwa kitambaa kikavu unga uenee kila mahali, kisha uufute. Ubao utabaki na ukungu mwepesi wa kijivu, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Maana yake vitundu vyote vidogo vya rangi sasa vina unga sawasawa. Usipofanya hivyo, maneno ya kwanza utakayoandika ndiyo yatakayoijaza mistari yake tu, na ukifuta, mistari hiyo inabaki tofauti na sehemu nyingine. Kivuli unachokiona kwenye ubao wako sasa kimetokana kwa sehemu na hili.

Kufuta kila siku ni kwa kitambaa kikavu. Kipande cha leso kuukuu kinafanya kazi vizuri kuliko dasta nyingi, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini na inashika unga. Maji mara moja kwa wiki yanatosha, kitambaa kikiwa kimekamuliwa, na ubao ukauke kabisa kabla ya kuandikwa tena. Chaki ikiandikwa juu ya ubao wenye unyevu hugeuka kuwa uji, ikaingia vitunduni na kugandia humo. Kila baada ya kuosha, koleza tena kwa ubavu wa chaki.

Chaki ya boksi ya shule, nyeupe na njano, ndiyo ya kununua. Nyekundu na buluu hazionekani vizuri usiku kwenye ubao mweusi, na rangi zake hutia madoa. Chaki nyingi za shule siku hizi ni jasi, si chokaa, kwa hiyo ule ushauri wa kuondoa madoa kwa siki haukusaidii sana: siki huyeyusha chokaa, jasi haiijali. Maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo yanafanya kazi zaidi. Jasi pia hunyonya unyevu, na chaki iliyonyonya inaandika kwa mlio na kwa mistari iliyokatika. Itunze kwenye kopo lenye kifuniko, na ikishalegea ianike juani saa moja.

Waandishi wa mabango ya mikahawa wana mbinu ya kuloweka chaki kwenye maji ya sukari dakika kumi hivi, kisha wanaandika ingali imelowa. Maandishi hutoka meupe sana na hayafutiki kwa kuguswa na bega. Yanapendeza kweli. Lakini kwa Mombasa siishauri: sisimizi wataifuata sukari hiyo hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi kwenye friji ni hatua chache.

Kupaka ukutani moja kwa moja

Inawezekana, kwa sharti kwamba ukuta ni mkavu, na kuta kavu kweli kweli si nyingi karibu na pwani. Nyumba nyingi za hapa ni za mawe ya matumbawe, ambayo yana vitundu na hupandisha maji kutoka chini. Nyingine zilipigwa lipu kwa mchanga wa baharini, na chumvi yake haiishi kuvuta unyevu. Pima hivi: bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba pande zote nne kwa seluteipu, iache siku nzima usiku na mchana. Ukikuta jasho upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Angalia pia kama kuna unga mweupe unaochanua chini ya rangi. Hiyo ni chumvi. Ipanguse kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani ikatoke tena baadaye.

Ukuta wa namna hiyo usiupake rangi ya mafuta kabisa. Mafuta huufunga, maji yanakosa pa kutokea, na ndani ya miezi michache rangi itakuwa na malengelenge. Hapo ndipo mchanganyiko wa rangi ya maji na grauti unapofaa zaidi, kwa kuwa unaruhusu ukuta kupumua kidogo, ingawa nao hautadumu ikiwa chumvi ni nyingi. Jibu lililo salama ni kutundika ubao wa mbao ukiwa umeachana na ukuta kwa sentimita moja na nusu, ukikaa juu ya vibao vinne vidogo nyuma ili hewa ipite.

Ukuta ukifaulu kipimo, kwangua chokaa yote (pitisha kiganja, kikitoka cheupe, bado kuna chokaa), ziba nyufa, sugua kwa 150 kisha 220, paka andakoti ya maji inayostahimili ukali wa simenti, halafu makoti matatu kama tulivyoeleza. Lipu mpya ya simenti ingoje siku 28. Simenti changa ina ukali unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, na rangi hiyo hubanduka kwa vipande. Kama rangi ya zamani ya ukuta ni ya miaka mingi, isugue ikiwa imeloweshwa na ufunike pua na mdomo, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kioo, kwa baraza la wazi

Kioo chenye mgongo mweusi ndicho nisingesita kukiweka upande wa bahari. Hakivimbi, hakipindi, chumvi yake unaiosha. Agiza kwa fundi wa vioo na alumini kioo kilichokazwa kwa moto cha milimita 5, sentimita 60 kwa 90, kingo zikiwa zimesagwa. Kina uzito wa kilo 6.75 hivi, cha milimita 6 hufika kilo 8. Matundu ya skrubu yatobolewe kabla ya kukazwa, kwa sababu kioo kilichokazwa ukijaribu kukitoboa au kukikata baadaye kinapasuka chote vipande vidogo.

Kuna njia mbili za kuleta weusi. Moja ni kupaka rangi mgongoni: safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, usiguse tena kwa vidole, paka andakoti ya kushika vioo iliyo nyeusi au isiyo na rangi, kisha rangi nyeusi makoti mawili. Kumbuka kwamba atakachoona mtu ni koti la kwanza, si la mwisho, hivyo kila uchafu utakaoufungia pale utabaki ukionekana. Nyingine, iliyo rahisi, ni kuweka nyuma ya kioo kibao chembamba kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa pande zote. Ukichagua hii, ziba mzunguko wote kwa silikoni, siku kavu, ili unyevu usiingie kati yao na kuotesha ukungu. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula vibanio vya chuma.

Kwenye kioo tumia kalamu ya chaki ya majimaji. Itikise ikiwa imefunikwa, bonyeza ncha kwenye karatasi mpaka wino ushuke, andika, uache dakika moja. Kufuta ni kwa kitambaa chenye maji. Maandishi ya wiki nyingi yanaweza kuhitaji spiriti kidogo. Mvua ikikipiga moja kwa moja, wino utatiririka, kwa hiyo hata kioo kinataka paa juu yake. Udhaifu wake mwingine ni kuakisi. Kikielekezwa kwenye taa au baharini kitaonyesha taa na bahari badala ya bia. Kigeuze kielekee ukuta, na mwanga wake utoke juu.

Mlango wa friji wenyewe, ambao wengine hufikiria kuupaka, uache. Hutoa jasho siku za unyevu na hushikwa mno.

Kuandika na kutundika

Mtu aliye mita tatu mbali anasoma kwa raha herufi za sentimita 2.5 hadi 3. Ubao wa sentimita 90 kwenda juu, ukitoa 12 za kichwa na ukigawa mistari ya sentimita 6.5, unakupa mistari 11 na nafasi ya pumzi chini. Bia zikizidi hapo, punguza orodha, usipunguze herufi.

Vichwa vya safu ambavyo havibadiliki vipake kwa rangi nyeupe ya mafuta na brashi nyembamba, ubao ukishakauka na kabla ya kuukoleza chaki: jina, aina, nguvu, zilizobaki. Safu ya nguvu ni asilimia ya kileo kama ilivyo kwenye lebo, kwa mfano Tusker 4.2. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kwako, kwa sababu ndiyo inayoondoa haja ya kufungua friji. Andika idadi ya chupa kwa vijiti, na kila anayechukua afute kimoja. Ukiweka mnazi, yaani tembo la mnazi, kwenye orodha, pale pa asilimia andika saa uliogemwa. Chachu yake haisubiri: mnazi wa asubuhi si ule wa jioni, na wa jana unaelekea kuwa siki, kwa hiyo saa inamwambia mgeni zaidi ya namba yoyote.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba nyeupe. Za kawaida zitatokwa na machozi ya kutu mekundu juu ya ubao kabla mwaka haujaisha. Jiwe la matumbawe ni laini, hivyo litoboe kwa drili bila kuiweka kwenye kupiga nyundo. Tundu likipanuka plagi ya plastiki inazunguka tu. Plagi ya milimita 8 na skrubu ya milimita 60 zinaingia jiweni, si kwenye lipu pekee. Kitovu cha ubao kikae sentimita 150 kutoka sakafuni, na ukingo wa chini uwe juu ya mahali maji ya deki yanaporukia.

Rangi itakayobaki usiichanganye na grauti yoyote. Mimina tapentaini kijiko kimoja juu bila kukoroga kama ni ya mafuta, funga kifuniko kwa nyundo, uliweke kopo ndani ya nyumba. Mwakani, sehemu ya katikati ikishaanza kung'aa kwa kufutwa, msasa wa 320 na koti moja jembamba la rangi hiyo hiyo litaurudisha ubao, bila kugusa kingo ulizozitaabikia.